Mfumo wako wa faili uwape watumiaji machaguo gani ya kache? Mwongozo wa hatua kwa hatua

Swali ni lile lile, na huja karibu kwa maneno yale yale: "Nimeandika mfumo wa faili kwa FUSE, unafanya kazi, lakini ni mzito. Niweke machaguo gani ya kache?" FUSE ni njia ya kuandika mfumo wa faili kama programu ya kawaida, nje ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Mara nyingi anayeuliza ameshanakili machaguo kumi na tano kutoka mifumo mingine na kuyamimina yote kwenye ukurasa wa msaada, akitumaini mtumiaji atajichagulia. Mtumiaji hajichagulii. Huwasha yote yanayosema "kasi", na kazi ikipotea anakuja kwako.

Mtumiaji anahitaji kujua mambo mawili tu. Kwanza, akifungua faili, anachokiona chaweza kuwa kimepitwa kwa muda gani? Pili, stima ikikatika, anapoteza nini? Chaguo lisilojibu mojawapo ya maswali hayo, wala lisilohusu nafasi ya diski, usimpe. Libaki ndani ya programu yako.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetayarisha mfumo ambao faili zenyewe ziko kwenye seva, na kompyuta za ofisini huziona kama folda ya kawaida. Mifano ni ya Linux na libfuse 3, maktaba ya FUSE. Kielelezo chetu ni ofisi ya mawakala wa forodha hapa Mombasa: makarani sita Moi Avenue, wawili wako Kilindini bandarini, na seva ya kukodi iliyoko Ulaya. Neno kache hapa lina maana ya nakala ya karibu, ya kukuepusha kurudi kwa seva kila mara.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mfumo wako ukifanya kazi sawasawa *bila kache yoyote*: `attr_timeout=0`, `entry_timeout=0`, `negative_timeout=0` (muda wa kukumbuka sifa, majina, na majina yasiyokuwepo), na `direct_io`, inayoruka kache ya kerneli. Kama una hitilafu katika hali hii, kache haitaiondoa. Itaificha, halafu itatokeza siku ofisi imejaa wateja.
- Kompyuta mbili zilizopachika (mount) mfumo huo huo. Ukiwa na moja hutaona kosa hata moja la data iliyopitwa, kwa sababu kompyuta haijifichi mabadiliko yake yenyewe. Kompyuta pepe mbili zinatosha.
- Angalau moja kati ya hizo iwe ya kuzimwa ghafla bila huruma.
- Zana: `ping`, `dd`, `strace` ya kuona maombi ya programu kwa kerneli, na `tc` ya kuiga mtandao wa mbali.
- Nafasi ya kukaa na watumiaji kwa saa moja. Usiiruke.

Hatua ya 1: Waulize watumiaji maswali manne

Usiwaulize kama wanataka kache. Kila mtu anataka kasi. Uliza hivi:

1. Faili moja huandikwa na watu wangapi?
2. Mwenzio akibadilisha faili, unaweza kungoja muda gani kabla hujayaona mabadiliko?
3. Stima ikikatika sasa hivi, kazi ya dakika ngapi unaweza kuirudia bila kuumia?
4. Kompyuta hii hutumiwa na nani mwingine?

Andika majibu kwa kila folda, si kwa ofisi nzima. Katika kielelezo chetu, lahajedwali ya makontena huandikwa na makarani wote wanane, na hakuna anayeweza kungoja hata dakika. Skani za hati za mizigo huingizwa mara moja na haziguswi tena, husomwa tu. Folda ya kazi ya mhasibu huandikwa na mhasibu peke yake. Ofisi moja, tabia tatu. Ndiyo maana chaguo moja la "kache iwashwe au izimwe" halitoshi, na ndiyo maana mfumo wako lazima ukubali kila folda ipachikwe kivyake na hali yake.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kuongeza chochote

Anza na `ping` kwenda kwa seva. Kilomita kati ya Mombasa na London kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya 7,000, na mwanga ndani ya nyaya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi peke yake hakuwezi kushuka chini ya milisekunde 70, na nyaya za baharini hazinyooki. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika ufukoni Mombasa mwaka wa 2009, upana wa bomba umeongezeka sana, lakini umbali uko pale pale. Kwa hivyo adui wako mkubwa ni idadi ya safari, kuliko wingi wa data.

Tuseme `ping` yako ni milisekunde 150. Folda yenye faili 400, kila moja ikiulizwa sifa zake kivyake, huchukua 400 × 0.15, yaani sekunde 60 nzima kabla orodha haijaonekana. Hesabu safari hizo kwa kuweka kaunta ndani ya programu yako: `getattr` (kuuliza sifa) ngapi, `lookup` (kutafuta jina) ngapi, `read` ngapi. Kama seva iko hapo hapo chumbani, iga umbali:

```
tc qdisc add dev eth0 root netem delay 150ms
```

Kupima maandishi, tumia `dd` pamoja na `conv=fsync`, inayongoja data ihifadhiwe kweli:

```
dd if=/dev/zero of=/mnt/kazi/jaribu bs=1M count=100 conv=fsync
```

Onyo. Bila `conv=fsync`, katika mfumo wenye kuandika baadaye, unapima kasi ya RAM. Namba itakufurahisha na haitakuwa na maana yoyote.

Hatua ya 3: Tenganisha kache nne

Watu husema "kache" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo machaguo yanapoanza kuchanganyika. Ziko nne, na kila moja ina hatari yake:

- Kache ya majina na sifa: faili ipo au haipo, ukubwa wake, tarehe yake.
- Kache ya yaliyomo, yaani kurasa ambazo kerneli inaziweka kwenye RAM.
- Maandishi yanayosubiri kupelekwa.
- Nakala kwenye diski ya kompyuta ya mtumiaji.

Mbili za kwanza zikikosea, mtu anaona kitu cha zamani. Ya tatu ikikosea, kazi inapotea. Ya nne ikikosea, diski inajaa au siri ya mteja inabaki kwenye kompyuta ya watu. Usiruhusu chaguo moja liguse zaidi ya kosa la aina moja bila kulitaja waziwazi.

Hatua ya 4: Weka kiwango cha ukale wa kusoma

Angalia kwanza wenzako walichoamua. NFS, mfumo wa faili za mtandaoni, kwenye Linux huweka sifa za faili kati ya sekunde 3 na 60, na za folda kati ya 30 na 60, lakini ikaongeza ahadi moja nzuri: ukifungua faili baada ya mwenzio kuifunga, unapata aliyoyaandika. libfuse yenyewe huanza na sekunde 1 kwa majina na sifa, na 0 kwa majina yasiyokuwepo. Mfumo wa kupachika folda za Windows kwenye Linux una `cache=none`, `strict` na `loose`, na tangu kerneli 3.7 huanza na `strict`. Maneno matatu tu.

Ahadi ile ya NFS ndiyo inayomfaa karani. Karani wa Moi Avenue anafunga lahajedwali, anapiga simu Kilindini, "Tayari, fungua." Wa Kilindini akiona makontena ya jana, mfumo wako umemdanganya. Ili kuitimiza:

1. Katika `open`, iulize seva toleo la faili. Likiwa lile lile ulilonalo, weka `keep_cache = 1`. Likiwa jipya, weka 0, na kerneli itatupa kurasa za zamani.
2. Toleo liwe namba au alama inayotolewa na seva. Usitegemee tarehe na ukubwa peke yake. Faili ikibadilishwa mara mbili ndani ya sekunde moja na ukubwa ukabaki ule ule, tarehe isiyo na sehemu za sekunde haitakuambia lolote. Karani akibadilisha 4 iwe 7 kwenye faili ya maandishi, ukubwa haubadiliki.
3. Kumbuka kwamba kufungua faili hakufuti sifa zilizowekwa. Kwa `attr_timeout` ya sekunde 1, ukubwa wa zamani unaweza kudumu sekunde moja baada ya kufungua. Mtu aliyepigiwa simu hawezi kuwahi sekunde hiyo. Programu inayojiendesha inaweza, na itasoma faili iliyokatwa mkia. Mpe mwenye kazi hiyo uwezo wa kuweka sifuri.
4. Acha `negative_timeout` kwenye 0. Kukumbuka kwamba faili "haipo" kunafaa panapotafutwa majina mengi yasiyokuwepo, kama wakati wa kujenga programu. Ofisini kunaleta kisa kimoja tu: mtu anaambiwa faili imetumwa, anaitafuta, anaambiwa haipo, huku mwenzake anaiona.

Kuna jambo la faili za kufuli ambalo wengi hulisahau. LibreOffice ikifungua `makontena.ods` huweka kando yake faili inayoitwa `.~lock.makontena.ods#`. Kama orodha ya folda imewekwa akiba kwa dakika moja, karani wa pili anaweza asiione kufuli, na wote wawili wakaandika. Wa mwisho kuhifadhi ndiye atakayebaki. Kwa hivyo ombi la kuunda faili kwa sharti la `O_EXCL` (iundwe tu kama haipo) lazima lifike kwenye seva kila mara. Lisijibiwe kamwe kutoka kwenye kache, hata mtumiaji achague hali gani.

Kama seva yako inaweza kutuma habari za mabadiliko, zitumie kufuta kache mapema kwa `fuse_lowlevel_notify_inval_inode`. Onyo: usiiite ndani ya kazi inayohudumia faili hiyo hiyo. Mfumo utajifunga wenyewe na kuganda. Iite kutoka kwenye uzi (thread) mwingine. Na usiondoe muda wa mwisho wa kache kwa sababu una taarifa hizi. Mtandao ukikatika taarifa hazifiki, na bila muda wa mwisho kompyuta itaamini ya zamani milele.

Hatua ya 5: Amua maandishi yatafika lini

Hapa usiharakishe. Makosa ya kusoma hurekebishwa kwa kufungua tena, ya kuandika hayarekebishwi.

Toa njia mbili tu. Ya kwanza, `andika=kufunga`: maandishi hukusanywa kwenye faili ya muda ya kompyuta, kisha hupelekwa kwa seva faili inapofungwa au programu inapoita `fsync`, na mwenye kuita anangojeshwa hadi seva ikubali. Hii iwe ndiyo ya mwanzo. Ya pili, `andika=baadaye`: faili inafungwa mara moja, na mpango wa nyuma unaipeleka. rclone, programu ya kupachika hifadhi za mtandaoni, kwa mfano, husubiri sekunde 5 baada ya faili kufungwa kabla ya kuipeleka, na hiyo ni thamani ya busara ya kuanzia.

Njia ya tatu, ya kupeleka kila `write` papo hapo, wengi wanaitaka kwa kuogopa. Kwa milisekunde 150 kila safari, programu inayoandika vipande vya baiti 4,096 itapeleka vipande visivyofika saba kwa sekunde, yaani chini ya kilobaiti 30. Hakuna atakayevumilia. Anayehitaji uhakika wa namna hiyo ana `O_SYNC` na `fsync`, na wewe kazi yako ni kuziheshimu.

Utekelezaji wa `kufunga`:

1. Peleka kwenye `flush` (huja kwa kila `close`), usingoje `release` (huja mwisho kabisa). Jibu la kosa kutoka `release` halimfikii mtu, la `flush` humfikia aliyeita `close`.
2. `flush` inaweza kuitwa mara kadhaa kwa faili moja, kwa mfano programu inapozaa nyingine. Weka alama ya "imebadilika" na upeleke pale tu inapohitajika.
3. Ikishindikana, rudisha `EIO` (kosa la kuandika) *na* uhifadhi nakala kwenye folda ya zilizokwama. Programu nyingi haziangalii jibu la `close`. Ukitegemea msimbo wa kosa peke yake, karani ataona dirisha limefungwa vizuri na kazi yake haipo popote.

Utekelezaji wa `baadaye` unahitaji zaidi: foleni ikae kwenye diski, iwe imefanyiwa `fsync`, na iendelee kompyuta ikiwashwa tena. Katika hali hii `fsync` ya mtumiaji inaweza kuahidi kwamba data iko kwenye diski ya kompyuta yake, bado haijafika kwenye seva. Sema hivyo kwa maneno hayo hayo kwenye ukurasa wa msaada. Ongeza amri ya kuorodhesha faili zinazosubiri, na `umount`, amri ya kupachua, ingoje foleni iishe au ikatae waziwazi.

Sasa kosa lililo baya kuliko yote. Programu nyingi za kuandika hazifuti faili ya zamani moja kwa moja. Huandika `makontena.tmp`, kisha huibadilisha jina iwe `makontena.ods`. Fikiria foleni yako inachelewesha yaliyomo kwa sekunde 5 lakini inapeleka ombi la kubadilisha jina papo hapo, kwa sababu ni dogo. Kwenye seva, `makontena.tmp` bado ni tupu. Jina linabadilishwa. Faili nzuri ya jana imefutwa, na mahali pake pana faili ya baiti 0. Stima inakatika kabla ya sekunde ya tano. Kompyuta ikiharibika kabisa, hakuna nakala tena, si ya leo wala ya jana. ext4, mfumo wa faili wa Linux, ilipata lawama za namna hii mwaka wa 2009 na ikalazimika kuongeza kinga ya kuitambua hali hiyo. Kanuni: shughuli za faili moja ziende kwa mfuatano wake, na kubadilisha jina *kusitangulie kamwe* yaliyomo.

Vipi kuhusu `FUSE_CAP_WRITEBACK_CACHE`, inayoiacha kerneli ikusanye maandishi kwenye RAM, iliyokuja na kerneli 3.15? Iwashe pale tu ambapo kompyuta moja pekee ndiyo inayoandika. Ukiiwasha, mambo matatu yanabadilika chini ya miguu yako. Kerneli inaweza kusoma faili iliyofunguliwa kwa kuandika tu, kwa hivyo `O_WRONLY` uifungue kama `O_RDWR`. `O_APPEND` (kuongeza mwishoni) inashughulikiwa na kerneli, kwa hivyo iondoe kwenye bendera zako. Na kerneli inaamini ukubwa na tarehe ilizonazo yenyewe, kwa hivyo faili ikikuzwa na kompyuta nyingine, hii haitajua. Isitoshe, kwa mipangilio ya kawaida Linux huamsha kazi ya kuandika kila sekunde 5 na huchukua kurasa zilizokaa sekunde 30, basi faili iliyo wazi inaweza kupoteza zaidi ya nusu dakika ya kazi.

Usitoe chaguo la kufanya `fsync` isifanye kitu. ZFS, mfumo mwingine wa faili, inalo, `sync=disabled`, na linatumiwa na watu wanaojua wanachokifanya. Kwenye mfumo wako mpya litatumiwa na mtu aliyesoma mahali kwamba linaongeza kasi, juu ya hifadhidata ya malipo.

Hatua ya 6: Kache ya diski iwe na mipaka na mwenyewe

Mipaka iwe miwili: ukubwa wa juu, na nafasi ambayo lazima ibaki. Ukubwa peke yake hautoshi, kwa sababu GB 20 ni sawa leo na ni janga kesho mtu akijaza diski kwa video za harusi. Faili zilizo wazi na zinazosubiri kupelekwa haziondolewi, kwa hivyo kache inaweza kupita mpaka kwa muda. Zikifika hapo, kataa maandishi mapya kwa `ENOSPC` (nafasi imekwisha), badala ya kumwaga yanayosubiri.

Folda ya kache iwe na ruhusa 0700, na iwe ya mtumiaji mmoja. Kwenye saiba au kompyuta ya zamu, skani za pasipoti na hati za wateja zitabaki hapo baada ya mtu kuondoka, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiulizi kama ulikusudia. Toa amri ya kuifuta, na ikatae kufuta kama kuna kitu kwenye foleni.

Hatua ya 7: Kata, kisha yape majina yanayoahidi

Sasa unganisha majibu ya hatua ya 1 na maamuzi yako. Kwa ofisi yetu, hali tatu zinatosha:

```
hali=pamoja     wengi wanaandika; ukifungua baada ya mwenzio
                kufunga, unapata yake. Maandishi hufika ukifunga
hali=peke       kompyuta hii pekee ndiyo inayoandika; ni ya haraka;
                stima ikikatika, yasiyofika seva husubiri kwenye
                diski, yaliyo kwenye RAM hupotea
hali=makavazi   kusoma tu; faili hazibadiliki; kuandika kunakataliwa
```

Juu yake, machaguo manne ya hiari: `ukale=` kwa sekunde, `andika=`, `nafasi=` (ukubwa wa juu wa kache) na `bakiza=` (nafasi ya kubaki kwenye diski). Basi. `attr_timeout` na ndugu zake visionekane na mtumiaji. Vihesabiwe kutoka kwenye `ukale`.

Hali ya mwanzo iwe `pamoja`, hata kama ni ya polepole kuliko `peke`. Anayeona uzito atakuja kuuliza. Anayepoteza kazi hajui kwamba palikuwa na la kuuliza.

Kataa mchanganyiko unaopingana papo hapo, wakati wa kupachika, kwa sentensi inayoeleweka: `hali=makavazi` pamoja na `andika=baadaye` ni kosa, na `hali=peke` pamoja na `ukale=0` ni dalili kwamba mtu hajaelewa `peke`. Usirekebishe kimya kimya. Kisha chapisha mipangilio iliyotumika kwenye logi, kwa mstari mmoja. Mstari huo utakuokolea maswali mengi ya simu.

Kwa `peke`, usiamini neno la mtumiaji. Omba kufuli kwenye seva wakati wa kupachika. Kompyuta ya pili ikijaribu `peke` kwenye folda ile ile, ikataliwe.

Hatua ya 8: Jaribu kila ahadi

*Ukale.* Kwenye kompyuta B:

```
while sleep 0.2; do date +%T; cat /mnt/kazi/jaribio.txt; done
```

Kwenye A, badilisha neno moja kwa jingine lenye herufi sawa, ufunge, uangalie saa. Rudia mara ishirini. Mara moja ikizidi `ukale`, ahadi imevunjika.

*Stima.* Ndani ya kompyuta pepe, andika faili, kisha bila kungoja, kama mtumiaji mkuu:

```
echo b > /proc/sysrq-trigger
```

Hii huwasha upya bila kumaliza kuandika chochote. Usiifanye kwenye kompyuta ya kazi. Rudia ukikata kabla ya kufunga, baada ya kufunga, na katikati ya kubadilisha jina. Hilo la tatu ndilo watu hawalijaribu.

*Mtandao.* Chomoa waya katikati ya kuhifadhi. Nakala iko kwenye folda ya zilizokwama? Programu ilirudi, au imeganda?

*Diski.* Weka kache kwenye kizigeu cha MB 200 na unakili MB 500.

Kati ya majaribio ya kasi, fanya `sync` kisha `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`. Amri hiyo huondoa kurasa safi pekee, kwa hivyo bila `sync` kwanza matokeo yatayumba.

Mambo yakienda mrama

Mwenzangu amehifadhi, mimi naona ya zamani hata nikifungua upya. Angalia logi ya mipangilio. Mara nyingi kompyuta moja ina `peke`. Kama zote ni `pamoja`, angalia kama unaweka `keep_cache = 1` bila kulinganisha toleo.

Faili inaonekana imekatwa mwisho. Ukubwa wa zamani, yaliyomo mapya. Rudi hatua ya 4, sehemu ya tatu, na ujaribu `ukale=0`. Tatizo likiisha, ndilo hilo.

Programu inakataa kufungua hifadhidata kwenye folda. `direct_io` kwa kawaida hukataa ramani ya kumbukumbu ya pamoja, yaani `mmap` yenye `MAP_SHARED`, na jibu huwa kosa la `ENODEV`. Ithibitishe kwa `strace`. Kama ni hifadhidata ya SQLite katika hali ya WAL (kuandika kwanza kwenye logi), usihangaike na kache. WAL haikukusudiwa kwa faili zinazoshirikiwa na kompyuta tofauti, kwa sababu inategemea kumbukumbu ya pamoja ya kompyuta moja. Iweke kwenye diski ya hapo hapo.

Faili za baiti 0 baada ya stima kurudi. Kubadilisha jina kumetangulia yaliyomo. Zima `andika=baadaye` kwa watumiaji wote hadi urekebishe foleni, usingoje toleo lijalo.

Kuorodhesha folda bado ni kuzito ingawa `ukale` ni 60. Mara ya kwanza hakuna kache ya kusaidia. Tekeleza `readdirplus`, ili sifa zije pamoja na majina kwa safari moja, au chache.

Kuhifadhi kunachukua sekunde nyingi, makarani wanalalamika. Pima ukubwa wa faili na kasi ya kupandisha. Lahajedwali ya MB 6 kwenye laini ya Mbps 2 za kupandisha itachukua sekunde 24, na hakuna chaguo la kache litakalobadilisha hilo bila kubadilisha ahadi. Ama wakubali `andika=baadaye` wakijua maana yake, ama faili igawanywe, ama seva ndogo iwekwe Moi Avenue.

`umount` inakataa. Orodhesha zinazosubiri. Usitumie `umount -l` kulazimisha: folda itatoweka machoni, foleni itabaki nusu, na mtu atazima kompyuta akidhani imekwisha.